Kampuni ya Mtandao Ilipoanza Kufua Nguo

Mimi uzi wangu ulikuwa wa kijani. Kila shati langu, ukiigeuza kola kwa ndani, utakuta mishono midogo ya kijani, kama mdudu aliyepita hapo akapumzika kidogo. Hiyo ndiyo alama aliyonipa Bi Pasi mara ya kwanza nilipompelekea nguo, baada ya mke wangu kufariki, nikawa sijui hata sabuni ya nguo inatofautiana vipi na ya kuogea. Nikamuuliza, kwa nini kijani? Akanitazama toka juu mpaka chini.

"Kwa sababu kila nikikuona uko barabarani, unazurura kama mbuzi anayetafuta majani."

Basi nikawa kijani. Nesi wa zahanati alikuwa buluu. Mwalimu alikuwa mwekundu, yeye na mkewe na lile jeshi lao la watoto. Rangi zilipomwishia Bi Pasi akaanza kuzichanganya, nyekundu na nyeupe kwa fulani, buluu na njano kwa fulani, na hakuandika popote. Nilimwambia aandike, akasema karatasi ikilowa imekwisha, uzi ukilowa unakauka.

Nayaeleza haya kwa sababu mtaani habari yake inaelezwa vingine. Mimi mzee sina kazi, natembea. Natoka asubuhi, napita huku, nakaa kule, nasikiliza. Na kila ninapokaa nasikia Bi Pasi alifungua mifuko ya watu. Ni kweli aliifungua. Lakini ukweli nao una bitana, na mtu asiyegeuza nguo haioni.

Alifanyia kazi uani, nyuma ya nyumba aliyopanga. Mabeseni yalikaa chini ya dirisha, makubwa kwa madogo. Meza yake ya kupigia pasi ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa, ukatandikwa blanketi, na juu ya blanketi shuka nyeupe. Tundu la kitasa lilikuwa bado lipo chini ya blanketi, naye aliliruka bila kutazama, kama mtu anavyoruka ngazi mbovu ya kwao. Alikuwa na pasi ya umeme, na ya mkaa kwa siku umeme unapokatika, na jina lake lilitokana na ile ya mkaa, maana aliizungusha hewani kuuamsha moto huku akiongea na wewe, na ukawa unaongea naye ukiwa umesimama mbali.

Mume alimwachia mtoto mmoja wa kike, akaenda kutafuta maisha, nadhani bado anayatafuta. Yule mtoto alikuzwa na pasi. Alisomeshwa na pasi. Akaolewa na fundi wa waya wa kampuni ya mtandao, kijana mpole, mwembamba, ambaye mtaani walimwita Ngedere kwa jinsi anavyopanda nguzo. Bi Pasi hakulitamka jina hilo hata mara moja. Mkwe ni mkwe. Yeye alimwita "baba", naye akamwita "mama", na wakikaa chumba kimoja kila mmoja alitazama ukuta wake. Lakini walipendana, kwa namna ile ya watu wanaoheshimiana mpaka wanashindwa kuongea.

Siku kampuni inaingiza nyaya zake mtaani kwetu, yule kijana alimletea mama mkwe wake kipande kirefu cha waya uliobaki, akamfungia uani toka ukuta huu mpaka ule, awe na kamba ya kuanikia isiyooza wala kulegea. Nilikuwepo.

"Kumbe ndiyo intaneti yenyewe hii?" nikauliza.

"Ndiyo hiyo, mzee."

"Na inapitisha nini?"

Bi Pasi akajibu yeye, vibanio mdomoni. "Kwangu itapitisha soksi za Mwalimu."

Tulicheka sana siku ile. Ningejua, ningecheka kidogo.

Sasa mnielewe. Mimi sisemi mtandao ni mbaya. Mwanangu aliye mbali nimemwona uso kwa simu ya jirani, na mjukuu ambaye sijawahi kumpakata amenipungia mkono. Kitu cha kumwonyesha mzee mjukuu wake hukitukani. Kampuni ilifanya kazi yake, ilipitisha waya, waya ukaleta mambo, watu wakalipa. Tatizo lilianza walipoanza kuona kwamba wana ufunguo wa kila nyumba.

Kwanza walikuja na televisheni. Sawa, televisheni na mtandao vinafanana sura. Halafu majiko. Halafu bima ya mazishi, unalipa humo humo kwenye mtandao, ukikata mtandao umekata na jeneza. Kisha yakaja matangazo ya nguo. Unaweka nguo zako chafu kwenye mfuko wa zambarau, rangi ya kampuni, fundi akija kuangalia waya anaondoka nao, nguo zinafuliwa kwa mashine kubwa huko waliko, zinarudi zimekunjwa ndani ya nailoni.

Msimamizi wa kampuni alipita mlango kwa mlango. Kijana nadhifu, fulana ya zambarau, maneno laini. Alinikuta kibarazani nikishona ndara yangu, maana mimi nilikuwa mshona viatu kabla macho hayajanigomea, na mazoea hayaishi.

"Shikamoo mzee. Una intaneti?"

"Marahaba. Sina. Nina miguu."

Akacheka. Akanieleza habari ya nguo. Nikamuuliza, baba, mtandao na shuka chafu ni ndugu wa wapi? Mimi nilishona viatu nikauza na kamba zake, lakini kamba ni mtoto wa kiatu. Ningeanza kung'oa meno ya wateja wangu wangenishangaa.

"Mzee, biashara ya siku hizi haiko hivyo. Mteja tunaye tayari. Nyumbani kwake tunaingia tayari. Kwa nini tuingie na kitu kimoja tu?"

"Hata nzi anaingia nyumbani kwangu. Sijamwomba anifulie."

Akacheka tena, hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu anayekasirika walau amesikia.

Jioni ya siku hiyo nilikuwa kwa Bi Pasi, nimefuata shati langu, mkwe alipoingia uani. Hakuja na ngazi yake. Alikuja na mfuko wa zambarau, mtupu, ameukunja kwapani kama mtu aliyeficha kuku wa wizi. Nikataka kuondoka, Bi Pasi akanionyesha kigoda kwa pasi. Nikakaa.

"Mama," kijana akasema na ule ukuta wake, "nimekuja na neno."

"Sema, baba. Hapa anayesikia ni mzee Kijani tu, naye akitoka hapa anasahau."

"Ni hii kazi ya nguo. Tumeambiwa mafundi wote. Ukienda nyumba ya mtu usiende mikono mitupu, wala usirudi mikono mitupu. Asiyeleta mifuko, waya nao watampa mwingine."

Bi Pasi alikuwa anapiga pasi gauni la Nesi. Akafika begani, akazunguka kifungo, akashuka.

"Kwani waya umekwisha?"

"Haujakwisha, mama."

"Nguzo zimeanguka?"

"Hapana."

"Basi fundi wa waya anabeba nguo kwa ajili gani?"

Kijana akausogeza mfuko kwapani. Jibu angelitoa wapi? Swali hilo lilipaswa kupanda juu sana, kwa watu ambao ngedere mwenyewe hafiki.

"Mama, nyumba walizonipa mimi ni za mtaa huu huu. Ni za kwako. Nikikataa, sina kazi. Nikikubali, sina uso. Ndiyo maana nimesema nije kwanza kwako."

Pasi ikasimama. Ikanukia kidogo, kile kiharufu cha kitambaa kinachokaribia kuungua, halafu Bi Pasi akaiinua.

"Beba," akasema. "Wajukuu zangu hawali uso."

Mwanzoni hakuogopa, nawaambieni ukweli. Alisema watu wake ni wake. Alisema mashine haijui kwamba Mwalimu jasho lake linang'ang'ania kwapa, wala kwamba Nesi hapendi nguo zitiwe wanga. Lakini watu ni watu. Mfuko wa zambarau ulikuwa mpya, na bei ya kuanzia ilikuwa ya kutegea samaki. Mmoja akajaribu. Jirani akaona naye asibaki nyuma. Kila mmoja aliyeacha alipita kwa Bi Pasi kueleza, na maelezo yalikuwa yale yale: "Najaribu tu, Bi Pasi, nitarudi." Akawa anawajibu, "Jaribu, mwanangu, kujaribu si dhambi." Waya wake wa kuanikia ukaanza kuonekana katikati, nafasi tupu, kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno.

Kisha mifuko ikaanza kurudi.

Ilirudi safi, hilo siwaonei. Lakini ilirudi imechanganyika. Huko kwenye mashine walitia nguo za mitaa mingi pamoja, na karatasi walizobandika zikabanduka kwenye maji. Nesi akapata suruali ya mwanamume, na nyumbani kwake hakuna mwanamume, majirani wakaanza kuhesabu vidole. Mwalimu akapata nguo za watoto wa wenzake kana kwamba wa kwake hawatoshi. Na hasira zote zilimwangukia nani? Kampuni ina simu tu, ukipiga unaambiwa bonyeza hiki, bonyeza kile, unapigiwa muziki. Mwenye uso alikuwa Ngedere. Alitukanwa akiwa juu ya nguzo na akiwa chini yake. Malalamiko yakafika kwa Msimamizi, naye akamwambia kwa yale maneno yake laini kwamba mtaa wenye malalamiko mengi unabadilishwa fundi.

Binti akaja kwa mama yake mchana mmoja, mtoto mgongoni. Sikuitwa, lakini nilikuwepo, mimi huwa nipo.

"Mama, watamfukuza."

"Nani kakwambia?"

"Yeye hasemi. Hali chakula. Anakaa kitandani anatazama viatu vyake."

Bi Pasi akafuta mikono. Akafikiri kidogo tu, na hapo, ndugu zangu, ndipo alipokosea. Kosa lenyewe ni la dobi mzuri na mama mkwe mwema, mtu mwingine asingelifanya.

"Mwambie mifuko ikirudi, asiipeleke kwa wenyewe. Aipitishe hapa kwanza."

Ikawa hivyo. Ngedere akishusha mzigo anaingia uani kwa mlango wa nyuma. Bi Pasi anamwaga nguo zote juu ya mkeka, anageuza kola, anageuza pindo, anageuza kiuno. Kijani huku, buluu kule. Nguo zilikuwa zimefuliwa na mashine ya watu, zikapita barabara zote hizo, lakini uzi wake ulikuwa humo humo, unamsubiri. Anatenga, anakunja, anarudisha kwenye nailoni. Kola iliyopinda anaipitia na pasi, bure, kwa sababu macho yake hayakuweza kuiacha hivyo. Nguo zisizo na uzi wake, za mitaa mingine, anazirudisha zitafute wenyewe.

Nilimwambia. "Bi Pasi, unawanolea kisu."

"Nisipowanolea watamchinja mkwe wangu na kile butu."

"Na wewe?"

"Mimi nina ngozi ngumu. Nimekaa na mvuke miaka yote." Kisha akanirushia shati langu. "Wewe kinakuuma nini? Wewe hata intaneti huna."

Kweli sikuwa nayo. Nilibaki mteja wake kwa ushamba wangu, sitaki sifa. Lakini shati moja la mzee halimwinjikii mtu chungu.

Malalamiko yakakoma mtaani kwetu. Kwingine yaliendelea, kwetu kimya. Huko juu wakaona ajabu, mtaa mmoja tu ambao nguo zinarudi sawasawa, tena kola zimenyooka. Msimamizi akaja mwenyewe na wapiga picha, akamshika Ngedere mkono mbele ya watu, akasema fundi huyu ni mfano. Bi Pasi alisimama nyuma kabisa, mikono nyuma, anatabasamu kama mama wa bwana harusi. Msimamizi akaendelea, akasema kwa kuwa mtaa huu umeipenda huduma, kuanzia sasa kila anayelipia mtandao hapa, nguo zake zitafuliwa bure.

Watu wakapiga makofi. Mimi nilimtazama Bi Pasi. Tabasamu lilikuwa bado lipo usoni, ila mwenyewe alikuwa ameshaondoka.

Hata kina mama waliokuwa wamebaki naye kwa huruma wakaenda. Utamlaumu nani? Bure ni bure. Nimelifikiria sana jambo hili katika kutembea kwangu. Mtu mdogo akiongeza kazi ya pili, anaweka tumbo lake mezani. Mimi ningeanza kuuza dawa nikashindwa, ningelala njaa mimi. Hawa wakiongeza kazi, wanaweka mezani tumbo la mtu mwingine. Wakishinda ni wao, wakishindwa ni Bi Pasi. Na wala hawakumchukia! Hawakujua hata kama yupo. Ukikanyagwa na adui walau unajua umekanyagwa na nani.

Na mtandao wenyewe? Ulilala. Ukikatika unapiga simu, unaambiwa fundi yupo njiani, na fundi yupo njiani kweli, kabeba mashuka. Mwalimu alikuwa na masomo ya wanafunzi wa mbali, akawa anatembea na simu juu ya kichwa kama mtu anayeomba mvua. Nyaya zikaning'inia. Ndege wakajenga kwenye masanduku ya nguzo. Nguo zilikuwa safi sana.

Bi Pasi aliendelea kutenga. Hakulipwa na mtu, hakusemwa na mtu, mlango wa nyuma tu, mkeka, kola. Binti akawa anamletea unga na mafuta, na yeye anapokea huku anatazama pembeni. Ila nguo huchakaa. Zile zenye uzi wake zikawa matambara ya kudekia, na mpya zikanunuliwa, nazo mpya hazikuwahi kupita kwenye sindano yake. Alijaribu kukisia kwa ukubwa, kwa harufu, kwa namna mtu anavyoikunja nguo kiwikoni. Alipatia mara nyingi. Halafu shule zikafunguliwa.

Sare. Mtaa mzima ulikuwa umenunua sare mpya, duka moja, rangi moja, kitambaa kimoja. Zikaenda kwenye mashine zote pamoja, zikarudi rundo, hazina uzi, hazina karatasi. Nilimkuta Bi Pasi amekaa katikati ya mkeka, sketi na kaptura zimemzunguka kama mtu aliyezingirwa na maji, anageuza kiuno kimoja baada ya kingine. Ngedere amesimama mlangoni.

"Mama, vipi?"

"Hazisemi, baba," akasema. "Nazigeuza, hazisemi kitu."

Aligawa kwa kukisia. Asubuhi watoto wakaenda shule, huyu kaptura inamdondoka, yule imembana hawezi kukaa, mwingine mdogo kafungwa kwa kamba ya kiatu kiunoni. Saa za mchana uani kwa Bi Pasi palijaa. Hawakwenda kwa kampuni. Kampuni iko wapi? Walimwendea mtu wanayemjua mlango wake, maana kumbe wote walijua mifuko inapita pale. Siri ya mtaa ni kama chupi ya mtoto iliyoanikwa uani, kila mtu anaiona, hakuna anayeisema.

"Bi Pasi, si zinapita kwako hizi?" Huyo Mwalimu.

"Zinapita."

"Sasa umefanya nini? Zamani hukuwahi kukosea hata soksi."

"Hazikuwa na uzi."

"Au ni kinyongo?" Huyo Nesi, na alisema polepole, ndiyo maana iliingia. "Sema tu, Bi Pasi. Tulikuacha, ukaona utukomeshe kwa watoto."

Bi Pasi alimtazama. Mwanamke huyu magauni yake aliyapiga pasi toka alipokuwa mwanafunzi wa unesi, hata siku alipofeli mtihani alikuja kulilia pale pale juu ya ule mlango uliolazwa.

Msimamizi akafika katikati ya kelele, mtu alikuwa amepiga simu, na safari hii ilipokewa. Maneno yalikuwa laini kama kawaida, lakini fulana ilikuwa imelowa jasho.

"Naomba kuelewa jambo moja tu. Mali ya wateja imekuwa ikifunguliwa na mtu asiye wa kampuni. Nani ameruhusu? Fundi, ni wewe uliyeileta mifuko hapa?"

Ngedere akafungua mdomo. Mimi nilimwona, nilikuwa kwenye kigoda changu. Alifungua mdomo, akamtazama mkewe aliyesimama na mtoto kwenye kona ya ua, akaufunga. Akatafuta ukuta wake, akautazama.

Ni Bi Pasi aliyesema.

"Haileti yeye. Naichukua mimi."

"Unaichukua vipi, mama?"

"Akipita hapa anaegesha baiskeli, anapanda nguzo. Akiwa juu, natoa mifuko, nafungua, naangalia. Zamani zilikuwa nguo zangu hizi. Nilitaka kuona zinafuliwaje."

"Bila yeye kujua?"

"Aliye juu ya nguzo ataona nini? Anatazama waya."

Watu wote pale walijua ni uongo. Nguzo ile, ukiwa juu yake, ua wa Bi Pasi unauona wote mpaka ndani ya beseni. Walijua, na hakuna aliyesema, wala mimi. Ningesema, ningemvua nguo kijana ambaye Bi Pasi ndiyo kwanza amemvika. Nesi akafanya "Mh!" Mtu nyuma akasema kikulacho ki nguoni mwako, wengine wakacheka. Msimamizi akaomba radhi kwa niaba ya kampuni kwa kitendo cha mtu wa nje, akaahidi mifuko itafungwa kwa kufuli ndogo. Wakatawanyika.

Ngedere alibaki na kazi yake. Kufuli hazikuletwa. Haukupita muda huduma ya nguo ikafutwa kabisa, mitaa yote, kwa ujumbe wa simu: wateja wapendwa, tumesitisha ili tuwahudumie vizuri zaidi. Nikamkuta Msimamizi njiani, nikamuuliza, imekuwaje? Akasema, hesabu hazikukaa vizuri, mzee, lilikuwa jaribio. Sasa wanauza magodoro. Akaniuliza kama nina godoro.

Jaribio. Nilitembea na neno hilo mpaka miguu ikaniuma.

Ungedhani watu wangerudi. Dobi yupo, beseni zipo, pasi ipo. Hawakurudi. Aliyefungua mifuko ya watu hapewi mfuko, na hata wale wanaojua kwamba hakuiba wanaona haya kumwangalia, na mtu anayekutia haya humpelekei mashuka yako. Wengi walinunua mashine ndogo za kufulia, za mkopo, wanalipa humo humo kwenye mtandao. Nesi anafua mwenyewe, magauni yake siku hizi yana mikunjo.

Mkwe haji. Sisemi ni mbaya, hana pa kuupitisha uso tu. Anatuma unga kwa mkono wa mkewe. Nguzo ile bado ni yake, na siku akiipanda natazama anavyokaa: amejigeuza, mgongo kwa ua, anatengeneza waya kwa kupinda mkono, wakati upande wa pili kazi ingekuwa rahisi.

Juzi nilifuata shati langu. Bi Pasi alikuwa kwenye kibaraza cha uani na sindano, gauni mapajani. Nikadhani amepata mteja, moyo ukaruka.

"La nani hilo?"

"Langu."

Nikasogea na macho yangu haya mabovu. Alikuwa anatia mishono kwenye kola, buluu. Ile buluu ya Nesi. Kwenye waya wa kuanikia kulikuwa na nguo nyingine zake, chache tu, zimekaa mbali mbali, nami nikazigeuza kola moja moja. Nyekundu ya Mwalimu. Njano. Nyekundu na nyeupe.

"Bi Pasi, hizi zote ni zako. Zitachanganyika na za nani?"

Akakata uzi kwa meno.

"Nyuzi zimebaki," akasema. "Kijani sijaigusa. Chukua shati lako, nimelirudia kola, lilikuwa limeanza kupinda."